Mama, Nimeitafuta Ndoa Yako

Elisabethville, mtaa wa Kenya, asubuhi ya baridi

Mama,

Umenichosha. Nilidhani mtu akishazikwa huacha kuwachosha watu, kumbe wewe ndiyo kwanza umeanza. Nimepanda kamio, lori la samaki, mpaka Kilwa ya ziwani na kurudi, nimekaa juu ya magunia ya chumvi kama mzigo. Nimegombana na padri. Nimemsikiliza Mwalimu Kamanga akinihubiria barazani kwake mpaka masikio yakaingia ganzi. Nimewaandikia wazungu nisiowajua katika nchi ambayo, nasikia, hata jua lake ni baridi. Yote hayo kwa ajili ya maneno machache uliyoyasema maisha yako yote ukipasua samaki, bila hata kuinua macho: "Baba yako alinioa. Mbele ya bantu."

Ungetaja basi bantu gani, watu gani hao. Ungetaja walisimama wapi, walisema nini, nani alikuwepo. Lakini wewe ulisema vile, ukafunga mdomo, ukachukua samaki mwingine.

Naandika Kiswahili cha masista, najua ungenicheka. "Kiswahili yako inavaa soseti," ndivyo ulivyokuwa ukiniambia. Vumilia. Hiki ndicho nilichofundishwa kuandikia.

Habari za hapa kwanza, maana ungeuliza. Nafasi yako sokoni ameichukua Sabina, yule wa Kasenga, na samaki wake wana mchanga. Wateja wako wananisimamisha njiani kunilalamikia, kana kwamba mimi ndiye niliyewatia mchanga. Mlango wa nyuma, ule uliokuwa ukilia na wewe ukimsema Leonardi kila siku, ameutengeneza wiki uliyotutoka. Mume wangu huyo, miaka yote mlango ulimshinda! Sasa haulii tena, na mimi nashtuka kila mtu akiingia. Na mwanangu Klara amechumbiwa. Ni yule yule Alfonsi, kijana wa Kasai, karani wa reli, uliyempa jina la Kalamu kwa sababu ya kalamu yake ya mfukoni. Ulisema kijana anayetembea na kalamu Jumapili ama ana akili, ama anataka watu wadhani anayo. Bado sijajua ni lipi.

Sasa nikueleze balaa lenyewe.

Lilianzia kwenye kilio chako. Tumekaa kwenye mikeka uani, ndani ya lupango letu, wanawake wa soko wote wapo, ugali wa bukari unapoa hakuna anayekula. Akaingia Mama Ngalula, mama yake Alfonsi, na sufuria ya maharage kichwani. Alikuja kwa moyo mzuri, sitasema uongo. Akapiga magoti, akatuombea wote kwa majina. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala: "Tumuombee huyu mama. Haina kosa yake kama hakuolewaka. Bamenajere ya bazungu balikuwa bengi wakati ile."

Menajere. Neno hilo unalijua kuliko mimi: mwanamke anayewekwa nyumbani na mzungu, apike, afue, alale, mpaka siku mzungu atakaporudi kwao kwa mke wake. Wanawake wote wakaangalia mikeka. Mimi nilikuwa na kilio mdomoni. Nilikusubiri wewe ujibu, Mama, Mungu shahidi wangu. Wewe uliyemmwagia mtu beseni zima la maji ya samaki kwa sababu ya neno hilo, mbele ya soko, na nguo yake ilikuwa ya kanisani. Nilikutazama. Ukabaki umelala tu.

Baada ya maziko nikaenda kwa padri kuhusu msalaba. Nilitaka uandikwe: Feza, mke wa fulani. Padri wetu unamjua, si mtu mbaya, ila anapenda karatasi kuliko chakula.

"Ndoa ilifungwa parokia gani?" akauliza.

Nikasema, Kilwa ya ziwa Mweru.

"Na padri gani?"

Nikasema, hakuna padri.

"Mashahidi?"

"Bantu," nikasema. Mama, nilijisikia nikisema vile vile kama wewe. Bantu! Akatabasamu lile tabasamu lao, akaniambia nilete cheti, na bila cheti msalaba utasema Feza, basi. Na ndivyo msalaba ulivyosema. Feza. Kama jina la mbuzi aliyepotea.

Nilirudi nyumbani nimewaka. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Mama Ngalula, lakini aliyenikasirisha kuliko wote ni wewe. Maana nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa nini? Baba yangu alikuwa mzungu wa Skotlandi, fundi wa mitambo ya mashua pale Kilwa. Watu walimwita Sandi. Alikufa kwa homa mimi nikitambaa, ukamzika pale pale, ukanifunga mgongoni ukaja mjini na samaki. Jina la ukoo wake ulilitamka Makilopu. Na kwao ni wapi? Hapo ndipo ulipokuwa unanimaliza kabisa. "Kwao ni Kilwa," ulisema. Nami nakwambia, Mama, Kilwa ni kwenu wewe, yeye alitoka Ulaya. "Yee pia kwao Kilwa. Kilwa ingine. Ya baridi." Na ukishasema hivyo hakuna wa kukuhamisha, hata kwa ng'ombe.

Unakumbuka siku tulipokwenda kuandikisha ndoa yangu na Leonardi? Karani wa parokia akaandika: baba hajulikani. Wewe hukujua kusoma, ila ulimuuliza ameandika nini, naye akakusomea. Ukaweka mkono wote juu ya meza yake, mkono wenye magamba ya samaki, ukasema: "Anajulikana. Miye ninamujua." Karani akasema sawa mama, sawa, na hakufuta. Ulikataa kutoka. Leonardi alisimama pale na koti lake la kuazima, jasho linamtoka, hajui ashike upande gani. Mpaka leo akipita mbele ya ofisi ile anavuka barabara.

Basi nikaamua kuitafuta ndoa hiyo, ama niipate, ama nijue haikuwepo nipumzike.

Nilianzia hapa mjini. Parokia za mapadri zote, na misheni ya Waprotestanti pia. Unajua masista wakisikia nimeingia kwa Waprotestanti watasema nini, lakini baba alikuwa wa upande ule, nifanyeje. Kila mahali ni kusubiri kwenye benchi, kila mahali ni "rudi wiki ijayo," na nikirudi wiki ijayo mwenye ufunguo amesafiri. Hakuna Makilopu. Kulikuwa na Mgiriki mmoja, Makris, aliyeoa mara mbili, wakataka kunipa huyo.

Nikapanda kamio. Leonardi aliniambia, "Isabela, acha," kisha akaniwekea karanga kwenye mfuko, kwa hiyo nadhani alijua. Tulilala Kasomeno kwa sababu gurudumu lilipasuka, na dereva akasema ni mimi niliyeleta mkosi, kwa kuwa nilikuwa mwanamke peke yangu mle. Nilifika Kilwa na vumbi mpaka kwenye meno.

Padri wa kule alikuwa na adabu. Alinitolea kitabu cha ndoa, akanisogezea kiti, akafungua ukurasa wa mwanzo. Misheni yao ilianza baadaye, Mama. Ndoa ya kwanza kuandikwa mle ni ya watu waliooana mimi nikiwa tayari na meno. Nilicheka. Padri akadhani nalia, akaniletea maji.

Nilitaka kurudi na kamio ile ile. Lakini kamio ilikuwa inasubiri samaki, nami nikakumbuka Mama Chola, rafiki yako wa usichana, aliyewahi kuja kwetu na kukaa mwezi mzima akila pilipili yetu yote. Nikaulizia. Yuko hai. Anasikia kwa sikio moja, tena kwa mapenzi yake. Aliponiona mlangoni akasema, "Feza, unarudia sasa? Bwana yako alishakufa zamani." Ikabidi nimpigie kelele mimi ni Isabela, mtoto, na Feza ametutoka. Akakaa chini. Akawa anavuta nyuzi kwenye ukingo wa kitenge chake. Kisha akataka tumbaku.

Nilimuuliza kwa sauti ya kuita ng'ambo ya mto: "Mama Chola, mukwai, tafadhali, mama yangu aliolewa?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kama ziwa lina maji. "Na samaki ile tulikula, tuliikula bure?"

Basi akasimulia, na mimi nikiwa nimekaa pale mlangoni nikapata kwa mara ya kwanza, kwa mdomo wa mtu mwingine, kitu ambacho wewe ungeweza kunipa jioni yoyote ya maisha yako. Kwamba baba alikuwa amemaliza kutengeneza mashua kubwa, na watu walikuwa wamekusanyika kuitazama ikishushwa majini. Kwamba alivaa koti nene jeusi, jua likiwa limewaka, na watu wakadhani anaumwa. Kwamba alikushika mkono akakupeleka mbele ya watu wote, akasema kwa Kiswahili chake chenye matundu: "Bantu bote, muone. Huyu njo bibi yangu. Miye njo bwana yake. Mulishaona?" Nao wakaitikia, "Tulishaona!" Kisha akakugeukia wewe, akangoja. Na wewe ukakataa kusema! Mama Chola anasema uliona haya, ukaangalia miguu yako, na watu wakaanza kucheka, na yeye akasimama pale, jasho linamtiririka ndani ya koti, hakuachia mkono. Mpaka ukasema: "Huyu njo bwana yangu. Sasa tuende kukula."

Nilijua ni kweli pale pale. Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angesema "sasa tuende kukula."

"Lakini padri?" nikauliza.

"Padri wa nini? Miye pia nilimuuliza. Akaseka. Akasema: kwetu Kilwa, nkambo yangu alioaka vile vile, mbele ya bantu. Bakubwa ba kanisa balikasirika. Lakini ndoa ilikuwa ndoa."

"Mama Chola, Kilwa ni hapa."

"Yee alikuwa na yake," akasema, akafunga jicho. Mazungumzo yakaisha.

Nikarudi na magunia ya samaki na nikiwa na mdomo tu, mdomo wako na mdomo wa Mama Chola, midomo miwili. Padri angeniuliza cheti, ningemwambia nini? Lakini neno la babu lilikuwa limenikaa. Nkambo yake alioa vile, na kanisa likakasirika. Kanisa likikasirika, Mama, huwa linaandika. Hilo nimejifunza kwa masista.

Ndipo nikaenda kwa Mwalimu Kamanga, yule Mnyasa mwenye kofia anayefundisha shule ya Waprotestanti. Alilelewa na wamisionari wa Skotlandi kule kwao Nyasaland na anaandika Kiingereza. Nilitaka barua fupi. Nilitaka aulize: je, mnamjua Sandi Makilopu, fundi, na babu yake alioa namna gani? Yeye akataka kwanza anieleze Waskoti ni watu gani. Kwamba wanaimba zaburi bila kinanda. Kwamba hawapotezi chumvi. Kwamba "Mac" mwanzoni mwa jina maana yake ni mwana wa. Nikamwambia, kumbe hata jina lenyewe si jina, ni "mwana wa fulani"? Akasema ndiyo, andika hivi: Mackillop. Nikaandika. Lilikuwa geni kabisa machoni, kama kumwona mtu wa nyumbani amevaa miwani.

"Na kwao wapi?" akauliza.

Niliona aibu kusema. "Mama yangu alisema kwao ni Kilwa," nikasema, nikaangalia pembeni.

Hakucheka. Aliondoka, akarudi na ramani aliyoibandua kwenye ukuta wa darasa, na matundu ya misumari bado yanaonekana. Akaweka kidole. Kil hivi, Kil vile. Katika lugha yao ya zamani, akasema, Kil ni kanisa, na nusu ya vijiji vyao vimeanzia hapo, kama vyetu vinavyoanza na Ka. Kilbrennoch, Kilmorvie, Kilvannie. Nikakaa chini kwenye ngazi yake. Baba alikuwa amekutania, Mama. Alifika pwani ya ziwa asilolijua, akaambiwa hapa ni Kilwa, akasema hata mimi kwetu ni Kil-nanihii. Na wewe ukaishika kama amri ya Mungu, na ulikuwa karibu na ukweli kuliko mimi na masista wangu wote wa jiografia. Sijui kama nilitaka kukukumbatia au kukutikisa mabega.

Tuliandika kwa wachungaji wa vijiji vitatu. Mwalimu alijaza ukurasa mzima kuhusu baraka za Mungu kabla ya kufika kwenye swali langu, nami sikuwa na la kufanya, kalamu ilikuwa yake.

Mvua zikaja. Kuta zikaota ukungu, Klara akashona, Mama Ngalula akaja mara kadhaa "kusalimia," yaani kuangalia kama tuna sahani za kutosha. Kila akija anauliza kwa upole kama nimepata "ile kintu natafuta." Upole wake ulikuwa unanichoma kuliko matusi.

Jibu la kwanza lilisema Mackillop wa kwao walihamia Kanada wote na hawakuandika tena. La pili halikuwa na habari yoyote, ila mchungaji alitaka kujua kama nimeokoka. Nikamwambia Mwalimu Kamanga, chana. Hakuchana. Alimjibu, kwa kurasa mbili.

La tatu liliandikwa na mke wa mchungaji wa Kilvannie. Mwandiko mdogo, umejaa mpaka pembeni. Mwalimu alinisomea barazani, Kiingereza kwanza kisha Kiswahili, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuongeza neno lake.

Yule mama alikuwa ameshuka kanisani kwenye baridi akafungua vitabu vya zamani vya ndoa za parokia yao. Akamkuta Alexander Mackillop, mfua chuma, na Isabel Rannie, binti wa mvuvi. Hawa ni babu na bibi yake baba. Hawakutangazwa kanisani wala kufungishwa na mchungaji. Walisimama kwenye ghala la nyavu mbele ya mashahidi, kila mmoja akasema, huyu ni mume wangu, huyu ni mke wangu. Wazee wa kanisa wakawaita, wakawasimamisha mbele ya waumini, wakawakemea sana kwa kukosa utaratibu. Baada ya kuwakemea wakaandika kwamba ndoa yao ni ya kweli, kwa kuwa walisema mbele ya watu. Sheria ya nchi yao ilikubali hivyo tangu zamani, anasema, na imeacha kukubali juzi juzi tu, wakati wa vita hivi vilivyopita.

Tena kule, anasema, mwanamke akiolewa haliachi jina la baba yake; anaandikwa nalo mpaka kaburini. Na mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu. Sandi, kumbe, ndiyo Alexander kwa mdomo wa nyumbani. Mimi nikapewa la bibi, Isabel. Umeniita Isabela miaka yote, na nilipokuuliza kwa nini jina hili la kizungu gumu, ulinijibu, "Uliza baba yako." Asante sana, Mama. Alikuwa chini ya udongo.

Kisha Mwalimu akasoma mwisho. Kwenye makaburi yao kuna jiwe la mama yake baba, na chini ya jina lake wamechonga: na mwanawe Alexander, fundi, aliyefia Afrika, penye ziwa. Yule mke wa mchungaji alilitazama siku hiyo hiyo aliyoipata barua yetu. Akaandika: Hatukujua hapa kwamba alioa. Je, alioa nani?

Mwalimu Kamanga akavua kofia. Mimi nililia, Mama, nikalia kwa hasira kama mtoto aliyepotezwa sokoni na kupatikana, anayempiga ngumi yule aliyempata. Jambo lenyewe lilikuwa dogo! "Babu yake alioa vile." Ungeniambia hayo tu. Mama Chola alijua. Wewe ulijua. Mimi nilitakiwa kujua lini? Nafikiri uliona ukishaanza kutoa sababu utakuwa umekubali kwamba sababu inatakiwa. Hivyo ulivyokuwa. Hata bei ya samaki hukuwahi kuieleza.

Nikaipeleka barua kwa padri. Aliisoma yote, Kiingereza chake kidogo, kidole kinafuata mstari. Akasema, "Binti yangu, hii ni kanisa ya bale bengine. Na ni ndoa ya nkambo yake, haina ndoa ya baba yako." Na alikuwa na haki! Ndiyo maana nilitaka kumrushia kinanda chake cha kanisani. Barua haikusema lolote kuhusu Kilwa yetu. Ilisema tu kwamba mtu yule aliposimama mbele ya watu na koti lake jeusi hakuwa anacheza na mwanamke mweusi. Alikuwa anaoa, kwa namna ya kwao, akijua uzito wake. Kwangu ilitosha. Kwa padri haikutosha, na haitatosha.

Lakini Mama Ngalula ilikuwa lazima asikie. Walipokuja kuzungumza mahari, wajomba wa Alfonsi wote wamevaa tai, Mama Ngalula akaanza tena kwa upole wake: wao wanampenda Klara, wao hawaangalii mambo ya zamani, hata kama nkambo yake...

Nikasimama. Leonardi akanivuta nguo, nikamwondoa mkono. Nikasimulia yote, tangu mashua mpaka "tuende kukula," tangu ghala la nyavu mpaka jiwe la kaburi. Nilisahau soksi za Kiswahili changu, nikasema kama wewe. Mwisho nikamuuliza: "We, Mama Ngalula, siku bwana yako alikuoa kule Kasai, cheti ilikuwa wapi?"

Wajomba wanaangalia viatu. Nikaona nimeiharibu ndoa ya mwanangu kwa mdomo wangu. Klara pale mlangoni amefunika uso.

Mama Ngalula alikuwa ananiangalia, mashavu yanamtetemeka, nikadhani atalia. Kumbe anazuia kicheko. Kikamtoka. "Cheti?" akasema. "Mbuzi njo ilikuwa cheti yangu! Mbuzi na shoka, na bankambo balikaa chini, balikubali. Padri tulimuona nyuma, na batoto babili mukononi." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Basi miye pia, menajere. Mama, unisamehe." Hakuniambia mimi. Aliangalia kiti chako kule ukutani, aliposema "mama."

Yeye ndiye aliyekuja nami kwa seremala siku iliyofuata, kuagiza msalaba mpya. Nilimwandikia seremala jina, Mackillop, kwenye kipande cha mbao, herufi moja moja, nikamwambia afuate hivyo hivyo. Tuliporudi, msalaba umepakwa rangi, mzuri kabisa, na umeandikwa: FEZA BINTI MWANSA, MKE WA SANDI MAKILOPU. Nilimpigia kelele mtaa mzima ukasikia. Akajitetea, mke wake alikuwa mteja wako wa samaki, na yeye amesikia jina hilo sokoni miaka yote, sasa mimi nimemletea jina lingine la wapi? Mama Ngalula akasema, liache. Nikaliacha.

Tuliusimamisha Jumamosi. Jumapili padri akapita makaburini, akasimama pale kwako muda. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yote yako tayari kooni. Akasema maua yanahitaji maji, akaenda zake.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo, Mama. Arusi ni baada ya baridi hii. Mama Ngalula anataka gauni la mikono mirefu, mimi nataka mifupi, Klara anasema anataka kutoroka. Leo jioni naenda kwa Mwalimu Kamanga kumjibu yule mama wa Kilvannie. Nimemwambia mapema, safari hii hakuna mahubiri, nitataja mimi na yeye ataandika. Aliuliza Sandi alioa nani. Nakuahidi nitamjibu yote: binti wa nani, wa ziwa lipi, aliona haya namna gani, alisema nini alipoacha kuona haya, na jinsi alivyomzika mume wake na kumlea mtoto wake bila kumwomba mtu ruhusa ya kuitwa mke.

Pumzika sasa. Na kama huko uliko kuna mtu anakuuliza karatasi, mwambie binti yako anakuja nayo, ila hana haraka.

Wako, aliyechoka,

Isabela